Kuunganisha na kutegesha theremini hadi iitike mkono wako: mwongozo kamili

Swali ninaloulizwa zaidi hapa Kampala kuhusu theremini, chombo cha muziki cha umeme kinachopigwa kwa kusogeza mikono hewani bila kukigusa, halihusu muziki. Linahusu mluzi.

Mtu amenunua chombo chake, amesubiri kasha lifike kutoka ng'ambo, amefunga antena, amechomeka waya, amewasha. Alitarajia sauti kama ya mtu anayeimba bila maneno. Anapata mluzi mmoja mkali usiokatika, au kimya, au sauti inayoshuka pale ilipopaswa kupanda. Anazungusha vitufe vyote. Baada ya wiki mbili chombo kinarudi kwenye kasha na kasha linapandishwa juu ya kabati.

Nimefungua makasha ya namna hiyo Ntinda, Nansana, Entebbe na Jinja. Kijana mmoja wa Jinja aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kaka, hii kitu haijarogwa kweli?" Chombo chake kilikuwa kizima. Hata hao wengine, karibu wote vyombo vyao vilikuwa vizima. Kilichokosekana ni waya wa ethi ulio wa kweli, yaani wa kukiunganisha chombo na ardhi, na subira ya kutegesha chombo kikiwa kimeshapata moto na mpigaji akiwa amesimama mahali pake. Nimeandika hatua zote hapa ili mtu asirudishe tena chombo kizima juu ya kabati.

Mwongozo huu ni wa theremini ya analogi yenye antena mbili, ya aina ya Moog Etherwave na zinazofanana nayo. Za kidijitali zina namna yake ya kujipima zenyewe, lakini mambo ya ethi, nafasi na stendi ni yaleyale.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Theremini kamili: kisanduku, antena ya wima, antena ya kitanzi, na adapta yake ya asili.
- Stendi ya maikrofoni iliyonyooka na nzito chini. Ikiwa ina mkono wa kupinda, uondoe.
- Kipande kidogo cha chuma cha kubadilisha hesi. Stendi nyingi zina hesi ya inchi 3/8, ilhali vyombo vya Marekani hutaka inchi 5/8.
- Amplifaya ya kinanda au ya gitaa yenye plagi ya pini tatu.
- Kebo ya gitaa yenye jeki kubwa ya milimita 6.35 pande zote mbili, mita 3 hadi 6. Usitumie waya wa spika, kwa sababu hauna wavu wa kukinga kelele.
- Bisibisi ya taa, ile ya kupimia umeme.
- Waya wa kijani na njano wa milimita za mraba 2.5, kama mita 5, na kibanio chenye meno.
- Msasa laini, kitambaa kikavu, utepe wa kubandika na chaki.
- Simu yenye programu ya kupimia noti.

## Elewa kwanza kinachotokea hewani

Ndani ya kisanduku kuna saketi mbili ndogo zinazotetemeka kwa kasi ambayo sikio halisikii. Moja haibadiliki. Ya pili imeunganishwa na antena ya wima. Mkono unapoisogelea antena, hewa iliyo kati yao inafanya kazi ya kapasita, yaani kihifadhi cha chaji ya umeme, na mtetemo wa saketi ile unapungua kidogo. Unachosikia kwenye spika ni tofauti kati ya mitetemo hiyo miwili.

Tuseme ya kwanza inatetemeka mara 285,000 kwa sekunde, na mkono wako umeishusha ya pili hadi 284,560. Tofauti ni 440, nayo ndiyo noti ya La ambayo okestra hutumia kulinganisha vyombo.

Badiliko linaloletwa na mkono ni dogo mno, mara nyingi halifiki pikofaradi moja, kipimo kidogo sana cha kapasita. Ndiyo maana grili ya dirisha, mtoto anayepita au kebo inayoning'inia vinaweza kuharibu wimbo. Tena kapasita ina pande mbili: antena ni upande mmoja, na wewe mwenyewe, ukiwa umesimama juu ya ardhi, ni upande wa pili. Mwili wako ni sehemu ya saketi. Chombo kisipoungana na ardhi ileile unayoikanyaga, saketi hiyo inaelea, na kila utakachofanya baadaye kitaelea nayo.

## Hatua ya 1: Soma adapta kabla ya kuichomeka

Umeme wetu Uganda ni volti 240. Wa Marekani ni volti 120. Geuza adapta usome maandishi yake. Ikiwa sehemu ya kuingiza umeme imeandikwa 100–240V, au 220–240V, uko salama. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke.

Kile kipande cha bei nafuu cha kuziingiza pini bapa kwenye soketi zetu hakibadilishi volti hata kidogo. Kinabadilisha umbo la pini tu. Theremini yangu ya kwanza niliichomeka kwa kipande hicho. Adapta ilikaa kimya kama dakika nzima, kisha ikatoa harufu ya nailoni iliyoangukia jiko la makaa, na ganda lake likavimba upande mmoja. Chombo kilipona, adapta haikupona, nami nikakaa miezi bila kupiga.

Soma pia upande wa kutoa umeme. Etherwave za zamani hutaka adapta inayotoa mkondo geu, wenye alama ya wimbi dogo (~) au herufi AC. Adapta nyingi zilizo madukani, zile za ruta na kamera, hutoa mkondo mnyoofu, wenye alama ya mstari na vinukta chini yake au herufi DC. Tundu linaweza kulingana kabisa na chombo kisifanye kazi, au kikaharibika. Ukihitaji nyingine, nenda dukani na ile ya asili mkononi, ulinganishe volti, aina ya mkondo na miliampea. Miliampea zikizidi si neno. Zikipungua ni tatizo.

Utajua umefaulu: baada ya dakika kumi adapta ina uvuguvugu tu, haikuchomi.

## Hatua ya 2: Chagua mahali pa kusimama

Hapa nyumba zetu zina jambo lao. Madirisha yana grili, milango ni ya chuma, na nyumba nyingine zina kuta au paa la mabati lililo chini. Chuma kikikaa karibu na antena kinameza uwanja wako wa kuchezea: mkono unasogea sana na sauti inabadilika kidogo tu.

Tafuta katikati ya chumba. Antena ya wima iwe angalau mita moja na nusu kutoka grili, mlango wa chuma, friji au kitanda cha chuma. Ukuta wa matofali unahitaji nafasi pia, mita moja inatosha. Watu wakae mita mbili au zaidi, tena upande wa mbele yako ambako unawaona. Mtu akipita nyuma ya mgongo wako utasikia noti ikiyumba na hutajua kwa nini.

Chuma kisichosogea si adui mkubwa, kwa sababu utategesha chombo kikiwa hapohapo. Kinachosumbua ni chuma kilicho karibu mno, na kitu chochote kinachotembea. Feni ya kusimama, kwa mfano, inayogeuka huku na huku, huifanya noti ipande na kushuka kwa mpigo wake yenyewe. Izime.

## Hatua ya 3: Funga kisanduku kwenye stendi

Zungusha stendi iingie kwenye tundu la chini ya kisanduku hadi ikaze. Shika kisanduku kwa mikono yote miwili, usishike antena.

Urefu: simama, kunja viwiko, nyanyua mikono kana kwamba unapokea sinia. Sehemu ya juu ya kisanduku iwe chini kidogo ya viwiko. Ukikiweka juu sana mabega yatachoka kwa dakika tano na mikono itaanza kutetemeka, na theremini husikia kila mtetemo.

Kiguse kwa kidole. Kikiyumba, ongeza uzito chini ya stendi. Mfuko wa mchanga unafaa sana.

## Hatua ya 4: Funga antena

Kabla ya kufunga, angalia ncha zinazoingia kwenye kishikio. Walio karibu na ziwa, Entebbe au Jinja, mara nyingi watakuta ukungu wa kijani kwenye shaba. Waliosafiri na chombo njia za murram watakuta vumbi jekundu ndani ya nati. Pitisha msasa laini kwenye ncha tu, kisha ufute kwa kitambaa kikavu. Sehemu ya antena inayoonekana haihitaji msasa.

Antena ya wima inaingia upande wa kulia, na ndiyo ya kimo, yaani wembamba au unene wa sauti. Ya kitanzi inalala upande wa kushoto, na ndiyo ya nguvu ya sauti. Kaza nati kwa vidole hadi antena isizunguke. Spana weka mbali: nati ikikazwa kupita kiasi inakata pete ya ndani, na baada ya hapo antena haitashika tena vizuri.

Antena ikipotea njiani, usikate tamaa. Bomba la shaba la mafundi wa friji linafanya kazi sawa na ya asili, kwa sababu mkondo wa masafa hayo hupita kwenye ngozi ya chuma, si kiini chake. Pale Katwe wapo mafundi watakaokupindia kitanzi ukiwa unasubiri. Nenda na kishikio chenyewe wapime kipenyo, na picha ya antena ya asili ili wafuate urefu na umbo.

Utajua umefaulu: antena ya wima imenyooka, kitanzi kimelala sambamba na sakafu, na hakuna kinachocheza ukikigusa.

## Hatua ya 5: Tafuta ethi ya kweli

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo twende polepole.

Theremini ya aina hii haina waya wake wa ethi. Inaipata ethi kupitia kebo ya gitaa: wavu wa kebo unaiunganisha na amplifaya, amplifaya inaungana na pini ya tatu ya plagi, pini inaungana na soketi, na soketi inapaswa kuungana na fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini nje ya nyumba. Kiungo kimoja kikikatika, chombo kinaelea.

Na kiungo kinachokatika mara nyingi ni cha mwisho. Soketi ina matundu matatu lakini nyuma yake zimefika nyaya mbili tu. Nimefungua soketi ya namna hiyo kwenye nyumba mpya, rangi bado inanuka: tundu la juu lilikuwa safi, skrubu yake haijawahi kuguswa.

Fanya jaribio hili. Washa chombo na amplifaya kwa sauti ya chini. Gusa kwanza chuma cha nje cha jeki kwa bisibisi ya taa. Taa ikiwaka, zima kila kitu na uite fundi umeme. Amplifaya inavujisha umeme, na hilo ni hatari kwa maisha yako kabla halijawa tatizo la muziki.

Isipowaka, simama mahali pako, nyosha mkono wa kulia upate noti ya katikati, tulia. Mkono wa kushoto ukiwa mbali na kitanzi sauti itakuwa wazi. Sasa shika chuma cha jeki kwa mkono wa kushoto. Noti ikibadilika kidogo tu, ethi ipo. Ikiruka mbali, au chombo kikaanza ghafla kuitika vizuri kuliko mwanzo, ethi haipo. Hiyo ina maana kwamba wewe ndiye umekuwa ethi kwa muda.

Suluhisho la kudumu ni fundi umeme apige fimbo ya ethi na kuifikisha kwenye soketi zako. Hiyo inalinda familia nzima, si chombo tu. Usijaribu wewe mwenyewe kuchomeka waya kwenye tundu la soketi, hata kama umeona mtu akifanya.

Wanaotumia sola, jenereta au spika ya betri ya magurudumu mara nyingi hawana ethi yoyote. Kwa wenye spika ya betri nafanya hivi: napiga fimbo ya shaba kwenye udongo wenye unyevu, naibana waya wa kijani na njano, na upande wa pili naubana kwenye chuma cha nje cha jeki. Kiangazi, udongo ukikauka, mwaga ndoo ya maji pale fimbo ilipo. Ukiwa ghorofani na hakuna ardhi ya karibu, tandaza bati bapa la mita moja kwa moja chini ya miguu yako, liunganishe na chuma cha jeki kwa waya uleule, kisha simama juu yake ukiwa na viatu. Si sawa na ardhi, lakini tofauti utaisikia papo hapo. Njia hizi mbili ni za vyombo vya betri tu. Amplifaya ikiwa kwenye umeme wa nyumba, mwachie fundi.

Usiunganishe chochote na waya wa kingaradi. Na mvua ikianza kunguruma, chomoa kila kitu, pamoja na waya wa ethi. Sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria tunaishi katika mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi kabisa duniani.

Kwa wanaopiga kanisani au ukumbini: ukipitia kisanduku cha DI, kile kidogo cha kuunganisha chombo na mikisa ya sauti, kina swichi ndogo ya kukata ethi. Mafundi sauti huizungusha kwa mazoea ili kuondoa mngurumo. Mwombe fundi kwa heshima aiache bila kukata, umweleze kwa nini.

## Hatua ya 6: Kebo na amplifaya

Pitisha kebo ya gitaa na ya adapta kwenye mguu wa stendi, uzibane kwa utepe kila baada ya shibiri mbili, kisha zielekee nyuma. Kebo inayobembea chini ya kitanzi inabadilisha nguvu ya sauti bila ruhusa yako.

Amplifaya ikae nyuma yako, mita moja au zaidi, ikielekea sikio lako. Huna nyuzi wala vitufe vya kukuonyesha noti ilipo, una sikio tu. Mpiga endingidi, fidla yetu ya Kiganda, huteleza kwenye uzi mmoja usio na alama, lakini angalau kidole chake kinaugusa uzi. Wewe hugusi kitu, kwa hiyo lazima ujisikie kabla ya wasikilizaji.

Usitumie Bluetooth. Sauti huchelewa kidogo, na kuchelewa huko kunatosha kukufanya usahihishe noti ambayo tayari umeshaipita.

Mwangwi na madoido mengine yaache yamezimwa hadi utakapomaliza kutegesha. Yanaficha makosa.

## Hatua ya 7: Washa, kisha ondoka

Sauti ya amplifaya iwe sifuri. Washa theremini kwanza, amplifaya baadaye. Sasa nenda kanywe chai. Dakika kumi zinatosha, kumi na tano ni bora.

Vipuri vya ndani hubadilika kidogo vikipata joto, na saketi zote mbili huhama hadi zitulie. Ukitegesha mara moja baada ya kuwasha, baada ya wimbo mmoja kila kitu kitakuwa kimesogea. Kabale asubuhi ya baridi, ngoja zaidi.

## Hatua ya 8: Tegesha nguvu ya sauti

Anza na mkono wa kushoto, kwa sababu ndio breki. Ukiwa nayo, mluzi hautakutisha tena.

Pandisha amplifaya polepole. Weka kiganja cha kushoto juu ya kitanzi, karibu kugusa. Zungusha kitufe cha nguvu ya sauti hadi kimya kamili kipatikane hapo. Nyanyua mkono taratibu: sauti iingie ukiwa kama sentimita 5 juu ya kitanzi, na ifike mwisho wake kama sentimita 20.

Wengi huja wamezoea redio, wanadhani mkono ukikaribia sauti itaongezeka. Hapa ni kinyume: ukikaribia, inanyamaza. Ilitengenezwa hivyo ili mpigaji aweze kukata noti haraka kwa kushusha mkono.

Utajua umefaulu: unashusha kiganja na noti inakatika safi, unanyanyua na inarudi bila mshituko.

## Hatua ya 9: Tegesha kimo cha sauti

Hatua hii usiifanye ukiwa umeinama pembeni ya chombo. Simama pale utakaposimama ukipiga, maana mwili wako uko ndani ya saketi. Bega la kulia lielekeane na antena ya wima, umbali wa kama sentimita 60. Miguu ipanuke kidogo. Chora alama ya chaki kuzunguka viatu vyako.

Weka mkono wa kulia begani kwako. Kwa mkono wa kushoto fikia kitufe cha kimo, uzungushe polepole sana ukisikiliza.

Sikiliza vizuri kitakachotokea. Sauti nyembamba itaanza kunenepa. Itashuka hadi iwe kama ng'ombe anayelia mbali, kisha kama pikipiki inayonguruma bila kwenda, kisha utasikia midundo inayohesabika, tok, tok, tok, halafu kimya. Kimya hicho ndicho sifuri: saketi mbili zinatetemeka sawasawa na tofauti haipo. Ukiendelea kuzungusha, midundo inarudi na sauti inapanda upya upande wa pili.

Kumbuka kwamba sifuri ina pande mbili, na ni upande mmoja tu unaopigika. Ukiwa upande mbaya, mkono unakaribia antena na sauti inashuka, inapita kimya, kisha inapanda. Yule kijana wa Jinja alikuwa upande huo. Alikuwa ameshafungua kisanduku na bisibisi iko mkononi, na alichohitaji ni kuzungusha kitufe robo duara.

Tafuta kimya mkono ukiwa begani. Toa mkono kuelekea antena, taratibu. Sauti ianze chini na ipande tu, bila kugeuka, hadi iwe nyembamba kabisa ukiwa karibu kugusa. Ikigeuka njiani, rudi kwenye kitufe, upite sifuri, ujaribu tena.

Ikiwa sauti inaanza kusikika hata mkono ukiwa begani, uwanja umekuwa mrefu mno, zungusha kidogo kuusogeza karibu. Ikiwa inaanza mkono ukiwa umeshafika nusu ya njia, uwanja ni mfupi, na noti zitabanana kama abiria kwenye teksi ya jioni.

Utajua umefaulu: mkono begani, kimya au midundo mizito, mkono unatoka, sauti inapanda moja kwa moja, mkono unarudi, inashuka kwa njia ileile.

## Hatua ya 10: Pima oktavu kwa mkono

Clara Rockmore, mpigaji mashuhuri wa karne iliyopita, hakuwa akiburuta mkono hewani. Alikaza mkono mahali pamoja akafungua na kufunga vidole, na hivyo akapata noti zilizo wazi bila mvutano kati yao. Carolina Eyck, mpigaji wa sasa kutoka Ujerumani, hutegesha chombo ili oktavu nzima, yaani kutoka Do hadi Do ya juu yake, ikae ndani ya ufunguzi mmoja wa mkono. Kipimo hicho ni kizuri hata kwa anayeanza.

Gusanisha kidole gumba na cha shahada, vingine vimekunjwa. Tafuta Do (C) kwa kutazama programu ya simu, simu ikiwa mezani mbali nawe. Bila kusogeza kiwiko, nyosha vidole vyote kuelekea antena. Ukifika Do ya juu, uko sawa. Ukipita, uwanja ni mfupi, usogeze sifuri iwe mbali kidogo. Usipofika, uwanja ni mrefu, ilete sifuri karibu. Marekebisho haya ni ya unywele, si ya robo duara.

Ukishapata, bandika kipande cha utepe kwenye kitufe na uchore mstari. Kesho hali ya hewa itakuwa imebadilika kidogo, lakini utaanzia karibu.

## Bado inagoma

Mngurumo mzito usiobadilika na mkono hutoka kwenye umeme. Chomoa chaja za simu na zima taa za LED moja baada ya nyingine hadi umpate mkosaji. Inveta za bei nafuu za sola pia hunguruma. Hapo tumia amplifaya ya betri pamoja na fimbo ya ethi.

Antena haiitiki kabisa ingawa mluzi upo? Zima, chomoa, fungua kifuniko, angalia waya mwembamba unaotoka kwenye kishikio cha antena kwenda kwenye koili. Safarini waya huo ndio hung'oka kwanza. Fundi wa redio ataulehemu kwa dakika chache. Lakini mzuie asizungushe vipande vidogo vilivyo ndani ya koili. Vimepimwa kiwandani, na kuvirudisha kunahitaji bisibisi isiyo ya chuma na saa kadhaa za subira.

Noti inatetemeka mkono ukiwa umetulia? Huenda ni pumzi yako na magoti. Legeza magoti, vuta pumzi chini, tumboni.

Theremini mbili kwenye chumba kimoja huvurugana. Ziweke mita tatu au zaidi, na ziwashwe zote kabla ya kutegesha.

## Kuzima na kufungasha

Shusha amplifaya hadi sifuri, izime, kisha zima theremini. Fungua antena kila unaposafiri, hata kama unakwenda mtaa wa pili. Zifunge kila moja kwa kitambaa chake, kitanzi kisikae chini ya kisanduku. Kwenye boda, kasha libebe mgongoni, usiliache kwenye tanki mbele ya dereva. Nati nazo zirudishe kwenye vishikio vyake palepale, uzikaze kwa vidole.